Kahama hadi Geita: Mtoto akiuliza kilichofukiwa Bulyanhulu

Kutoka Shinyanga mjini kwenda Geita kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya Mwanza na daraja jipya la Kigongo–Busisi, na watoto huipenda kwa sababu ya ziwa. Ya pili inapita Tinde, Isaka na Kahama, halafu inapanda kaskazini kupitia Kakola na Bukoli. Hii haina ziwa. Ina mashamba ya mpunga, ng'ombe, michembe inayouzwa kando ya barabara, na maduara ya wachimbaji wadogo yaliyozungukwa na maturubai na vifusi.

Familia nyingi huipita wakati wa likizo zikienda kusalimia bibi na babu. Katikati ya safari hiyo, mtoto wa darasa la sita anaweza kuuliza swali gumu: "Baba, hapa ndipo Bulyanhulu ya kwenye kitabu?"

Ndipo hapo. Ila vitabu vya shule huishia kwenye dhahabu.

Kabla ya uzio

Dhahabu ya Bulyanhulu iligunduliwa miaka ya 1970. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980 na biashara kulegezwa, vijana kutoka Usukuma na mikoa ya mbali walimiminika huko kwa sururu na kamba. Walichimba maduara, wakayashikilia kwa matimba, wakajenga vibanda. Mama lishe walifuata, wauza mitumba wakafuata, watoto wakazaliwa hapo hapo.

Mwaka 1994 kampuni ya Kahama Mining, iliyomilikiwa na Sutton Resources ya Canada, ilipata haki ya kuchimba eneo hilo. Wachimbaji hawakukubali kuondoka. Walisema wapo hapo kihalali, na mvutano ukafika hadi Mahakama Kuu. Mwishoni mwa Julai 1996 serikali ikatoa amri waondoke mara moja. Agosti, polisi wakiwa wamesimama, tingatinga zikaanza kufukia maduara.

Kuanzia hapa simulizi zinagawanyika. Wachimbaji na ndugu zao walisema baadhi ya watu walikuwa bado chini, na kwamba zaidi ya 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikana, zikasema maduara yalikaguliwa kwanza na hakuna aliyefia humo. Hata idadi ya waliohamishwa haijawahi kukubaliwa: wengine walitaja laki kadhaa, wengine makumi ya maelfu tu.

Kumbukumbu inavyofukiwa

Mzazi anaweza kudhani kufuta tukio ni kazi ya kuchoma nyaraka usiku. Bulyanhulu inaonyesha njia za kawaida zaidi.

Kwanza ni ardhi yenyewe. Duara likishafukiwa na kusawazishwa, ushahidi wote, wa upande wowote, unabaki chini. Barrick ya Canada iliinunua Sutton mwaka 1999, na mwaka 2001 mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ukafunguliwa. Palipokuwa na vibanda pakawa na uzio.

Pili ni majina. Aliyeitwa mchimbaji leo, kesho anaitwa mvamizi. Jina likibadilika, watu huacha kuuliza yuko wapi.

Tatu ni sheria. Wanasheria wa shirika la LEAT, wakiwemo Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala, walikusanya maelezo ya familia na kudai uchunguzi huru. Novemba 2001 polisi walipekua ofisi yao Dar es Salaam. Lissu, Nshala na mwanasiasa Augustine Mrema walikuja kushtakiwa kwa uchochezi. Machi 2002 ujumbe wa mashirika ya nje uliokuja kuchunguza ulizuiwa na polisi kufika Bulyanhulu. Oktoba mwaka huo ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia, iliyoangalia suala hilo kwa sababu benki hiyo iliupa mradi dhamana ya bima, ilisema madai ya mauaji hayana msingi. Waliodai hawakuridhika. Tume huru ya wazi, ya kufukua na kuwasikiliza wote mbele ya umma, haikuundwa.

Nne ni kukumbuka kitu kingine. Mwaka 2017 nchi nzima ilijifunza neno "makinikia". Makontena ya mchanga wa dhahabu kutoka Bulyanhulu na Buzwagi yalizuiwa bandarini, kamati mbili zikaundwa, ripoti zikasomwa Ikulu moja kwa moja kwenye televisheni. Matokeo yake ni Twiga, kampuni ya ubia ambayo serikali ina asilimia 16. Kilichopimwa hadharani kilikuwa dhahabu, shaba na kodi. Maduara ya 1996 hayakuingia kwenye hesabu hiyo.

Wengine walihesabu

Si lazima iwe hivyo. Baada ya mauaji ya waandamanaji Zanzibar Januari 2001, serikali yenyewe iliunda tume chini ya Hashim Mbita. Ripoti yake ya mwaka 2002 ilitaja vifo 31. Wapo waliosema idadi ni kubwa zaidi, lakini angalau palikuwa na karatasi ya kubishania.

Afrika Kusini, polisi waliwapiga risasi na kuwaua wachimbaji 34 waliogoma huko Marikana tarehe 16 Agosti 2012. Tume ilisikiliza ushahidi hadharani, na kila Agosti watu hurudi kwenye kilima kile kuwakumbuka. Kenya, Juni 25, 2025, mamlaka ya mawasiliano iliagiza vituo viache kurusha maandamano moja kwa moja, na mahakama ikasimamisha agizo hilo.

Na hapa nyumbani, tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa huku maandamano yakizuka. Watu waliuawa, na idadi yao imekuwa ikibishaniwa. Novemba Rais aliunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Watoto waliokuwa nyumbani siku zile walisikia milio, na waliona wazazi wakizima simu.

Mzazi afanye nini

Watu wazima hunyamaza kwa nia njema. Wanaogopa kumtia mtoto hofu, au mtoto kwenda kusema shuleni kitakachowaletea matatizo. Hofu hiyo si ya kubezwa. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtoto aliyefungiwa mlango nyumbani ataokota habari kwenye simu ya mwenzake, zikiwa zimechanganywa na uongo.

Kwa mtoto mdogo inatosha kusema: "Hapa watu walikuwa wanaishi na kuchimba. Waliondolewa kwa nguvu, na wapo wanaosema ndugu zao hawakutoka." Huo ni ukweli, wala hauhitaji picha za kutisha.

Kwa mwenye miaka 12 na kuendelea, mzazi ampe pande zote mbili, kisha amwulize: tungejuaje nani anasema kweli? Nani angetakiwa kuchunguza? Somo la Historia ya Tanzania na Maadili sasa linafundishwa shuleni, na swali la namna hii linafaa hapo.

Kisha kuna bibi na babu. Kahama, Kakola na Geita wamejaa watu waliopita Bulyanhulu kabla ya Agosti 1996: aliyevuta kamba, aliyeuza maandazi, aliyepoteza kibanda. Aliyekuwa na miaka 30 wakati ule sasa ana takriban 60. Mjukuu mwenye daftari, au simu ya kurekodi, anaweza kumwuliza taratibu, kwa ridhaa yake, na kuandika tarehe na mahali. Rekodi hiyo ibaki ya familia, isirushwe kwenye makundi ya WhatsApp, kwa heshima ya msimulizi na usalama wake.

Ukifika Geita, wapeleke watoto waone soko la dhahabu lililofunguliwa mwaka 2019, ambako mchimbaji mdogo mwenye leseni anauza kihalali na kupewa risiti. Waambie kuna wakati mtu kama huyo aliitwa mvamizi kilomita chache nyuma. Halafu waache waulize maswali yao.