WALIUJUA MKATABA WA FEI TOTO KULIKO WA MTOTO WAO: Kilichotokea Gonja Dirisha la Usajili Likiwa Wazi

Kama hujawahi kukaa kijiweni Gonja Maore mwezi wa saba, aisee, hujui ubishi ni nini. Ligi imeisha, uwanjani hakuna mechi, lakini kelele ndio kwanza zinapanda. Nani anakuja, nani kapewa "Thank You", nani kamwaga wino usiku wa manane. Bodaboda zimepangwa, kahawa inamiminwa, milima ya Pare iko nyuma na ukungu wake, na watu wazima na akili zao wanakaribia kushikana mashati kwa sababu ya mkataba wa mtu ambaye hata hajui kuna sehemu inaitwa Gonja.

Ule utani wa Wapare kila mtu anaujua. Eti Mpare yuko radhi auze ng'ombe apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku. Wenyewe wanacheka, lakini ukiwasikiliza kijiweni unaanza kuamini. Hawabishani nani ana chenga. Wanabishana kifungu. Miaka mingapi? Imebaki mingapi? Akitaka kuondoka analipa nini? Nani alisaini, na alisaini ukurasa gani?

Watu wengi wanaona huu ni uvivu tu. "Kafanyeni kazi nyie." Subiri kwanza.

Pale kijiweni kuna mzee mmoja, zamani alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, Simba damu. Kesi yake anayoipenda kuliko zote ni ya Bernard Morrison. Mwaka 2020 Mghana yule alitoka Yanga akatua Simba. Yanga wakasema bado ni wetu, alishaongeza miaka miwili. Yeye akasema hakuongeza kitu. Agosti 2020 kamati ya TFF ikaona mkataba ule una mapungufu, jamaa akawa huru. Yanga hawakukubali, wakaenda mpaka CAS kule Uswisi, na Novemba 2021 wakashindwa. Utamu wenyewe ni kwamba mwaka 2022 Morrison huyo huyo akarudi Yanga! Mzee kila akifika hapo anapiga goti lake kofi. "Karatasi ikiwa mbovu," anasema, "hata ukiwa na haki unatoka mikono mitupu."

Upande wa pili kuna dada mwenye steshenari, anayetoa kopi na kuprinti. Kidato cha nne, Yanga lialia, na mdomo anao. Yeye silaha yake ni Feisal Salum, Fei Toto. Desemba 2022 Fei aliamua basi, akaweka milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga ili avunje mkataba uliokuwa umebakiza zaidi ya mwaka. Yanga wakazirudisha. Januari 2023 kamati ya TFF ikasema huyu bado ni mchezaji wa Yanga. Nusu msimu kijana hachezi, nchi nzima inabishana, neno la ugali na sukari limekuwa wimbo wa mtaani. Mpaka Juni 2023, Rais Samia alipoligusia suala lake mbele ya Yanga wenyewe, ndipo mambo yakalainika na Fei akaenda Azam.

Makolo walimwambia dada yule kwamba Yanga walimtesa mtoto wa watu. Jibu lake lilikuwa moja tu: "Kuwa na hela ya kutokea sio kuwa na mlango. Mlango unaandikwa siku unayoingia." Kijiwe kizima kikanyamaza, hata Mnyama hakuwa na la kusema.

Na Clatous Chama je? Julai 2024 alivuka kutoka Msimbazi kwenda Jangwani, watu wa Simba wakalia kama wamefiwa. Lakini hapakuwa na kesi. Mkataba uliisha, mtu akaondoka. Mzee karani ndiye aliyewaelezea vijana kwamba hata hilo lilipiganiwa. Kuna Mbelgiji anaitwa Jean-Marc Bosman, klabu yake ilimzuia kuhama wakati mkataba umeshaisha, wanataka walipwe kwanza. Akaenda mahakamani, na Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya ikampa ushindi. Huko Ulaya, kabla ya hapo, mkataba ukiisha klabu ilikuwa bado imekushika mguu.

Sasa wakati wote wanabishana hivyo, kuna dogo mmoja alikuwa anakaa pembeni, anasikiliza tu. Winga wa kushoto, miaka 17, mguu wake kwenye ndondo za huku chini unajulikana kuanzia Kisiwani mpaka Ndungu. Baba yake analima mpunga, mama yake anauza tangawizi anayoshusha kutoka juu mlimani. Dogo alionwa kwenye bonanza na mtu mmoja anayejiita wakala, kutoka Dar. Jamaa ana simu mbili, kiatu kinang'aa, anaita kila mtu "mkuu".

Jumatatu moja ukaja mkataba. Haukuja kwenye bahasha, ulikuja kwa WhatsApp, picha picha. Klabu ni ya Dar, jina tuliache. Maagizo yalikuwa mafupi: printi, baba asaini, piga picha, rudisha. Ijumaa dogo apande basi la alfajiri.

Nyumbani ilikuwa sherehe. Mama kapika makande kwa ajili ya majirani, shangazi kapiga simu kutoka Tanga, baba mdogo ameshaanza kuhesabu nyumba atakayojengewa. Hakuna aliyesoma. Kwanza ulikuwa kwa Kiingereza, na pili, nani anasoma barua ya bahati?

Ila kuprinti ni lazima upite steshenari, na steshenari iko kijiweni.

Dada alipotoa karatasi alihesabu mara moja, akahesabu tena. Chini zilikuwa zimeandikwa namba. Moja, mbili, nne. Ukurasa wa tatu haupo. Akamwita mzee karani, Simba na Yanga wakainamisha vichwa pamoja kwa mara ya kwanza tangu dirisha lifunguliwe. Mzee alisema neno moja: "Morrison."

Wakaanza kusoma polepole, dada anatafsiri, mzee anauliza. Miaka mitano. Mshahara laki tatu kwa mwezi. Pesa ya usajili milioni tatu, na hapo hapo maneno kwamba italipwa "hali ya klabu ikiruhusu". Klabu inaweza kuvunja mkataba muda wowote. Mchezaji akitaka kuvunja, angalia kifungu fulani. Kifungu hicho kiko wapi? Ukurasa wa tatu.

Hapo kwenye "hali ikiruhusu" kuna kijana mmoja wa bodaboda, ana ndugu Marekani, akadakia. Yeye anafuatilia mpaka besiboli, wenzake humcheka. Akawaambia habari ya Mjapani Shohei Ohtani, Desemba 2023, Los Angeles Dodgers. Dola milioni 700 kwa miaka kumi. Lakini kila mwaka anaocheza anachukua milioni mbili tu, hizo 680 zingine atalipwa kuanzia 2034 mpaka 2043.

"Sasa si na yeye kakopwa?" mtu akauliza.

"Kakopwa, ndio. Lakini mwaka umeandikwa. Huyu dogo kaandikiwa nini?"

Wakulima wa mpunga walielewa haraka kuliko wote. Mali kauli wanaijua vizuri. Mnunuzi anabeba magunia leo, hela "nikishauza", na wapo wanaosubiri mpaka leo. Kukopesha sio dhambi. Kukopesha bila tarehe ndio kupoteza.

Lakini jambo zito zaidi aliliona mama, na mama huyo hajui hata nani anachezea wapi. Alikuja steshenari kuuliza mbona mtoto anachelewa. Akaona karatasi, akaona jina la mwanawe, akaona tarakimu za mwaka. "Huyu ni nani?" akauliza. "Mwanangu hakuzaliwa mwaka huu. Nilimzaa hapa hapa hospitali ya Gonja, kadi ninayo." Kwenye mkataba dogo alikuwa na miaka 19. Dogo mwenyewe akainamisha macho. Alishaambiwa na wakala kwamba umri "utawekwa sawa", na asiwasumbue wazazi.

Kwa nini 19? Mzee karani akafikiri, dada akaingia kwenye simu yake, na jibu likapatikana. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kusaini mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu. Mkubwa anaruhusiwa mpaka mitano. Wamemwongezea dogo miaka miwili ya kuzaliwa ili wapate miaka miwili ya kumshika. Na kwa sheria za nchi, mtoto wa miaka 17 hawezi kujifunga mwenyewe kwenye mkataba kama mtu mzima. Ndiyo maana sahihi ya baba ilikuwa inatafutwa kwa haraka vile.

Na usidhani hapo kila mtu alishangilia. Dogo alilia. Kwa hasira, sio huzuni. Akawaambia mnaniharibia, nyie mmekaa hapa miaka yote mnabishania maisha ya watu, leo yangu yamefika mnayachana. Baba mdogo akamuunga mkono: bahati haigongi mara mbili, mwacheni asaini, mengine atajua mbele ya safari. Wapo kijiweni walioona hivyo hivyo. Laki tatu kwa mwezi kwa mtoto ambaye jana alikuwa anabeba magunia, unaikataaje?

Ni swali la haki kabisa. Ukiwa huna kitu, kila karatasi inaonekana mlango.

Baba hakusema sana. Usiku akamwomba dada wa steshenari amwandikie ujumbe wa kumtumia wakala. Mambo manne: ukurasa wa tatu uje, umri uwe wa kweli, miaka ipungue, pesa ya usajili iwe na tarehe. Wakala akajibu kwa sauti, dakika nzima, kwamba watu wa milimani wanapenda kesi, na kwamba ana vijana kumi wanasubiri nafasi hiyo. Halafu kimya. Ijumaa basi la alfajiri liliondoka bila dogo.

Siku kumi na moja dogo hakuongea na baba yake. Alikuwa anakula, anatoka, anarudi usiku. Mama alikuwa anamwekea sahani bila kumuuliza kitu.

Siku ya kumi na mbili ikapigwa simu, na aliyepiga hakuwa wakala, alikuwa mtu wa klabu yenyewe. Kumbe walikuwa wanamtaka kweli. Ukaja mkataba mwingine, kurasa zote nne. Miaka miwili. Umri wa kweli, na nafasi ya mzazi kusaini. Mshahara laki mbili na nusu. Pesa ya usajili, hakuna, wameifuta kabisa. Na dada akahakikisha jambo ambalo kijiwe kizima sasa wanalikariri: mshahara ukikaa miezi miwili bila kulipwa, mchezaji akiwapa notisi ya maandishi ya siku 15 na bado hawajalipa, kanuni za FIFA zinampa sababu ya halali ya kuondoka. Baba akasaini. Mama akadai kopi yake, ikatolewa bure.

Sasa hivi dogo yuko Dar, anakaa benchi zaidi kuliko anavyocheza. Na kijiweni? Wamegawanyika, tena sio kwa Simba na Yanga. Kuna wanaosema wamemkosesha mtoto milioni tatu na elfu hamsini kila mwezi kwa ajili ya ujuaji. Wengine wanasema milioni tatu ile haikuwepo tangu mwanzo, ilikuwa imeandikwa tu, na kilichookolewa ni miaka mitatu ya mguu wa kushoto. Akikaa benchi miaka miwili, ataondoka akiwa na 19, huru kama Chama. Angekaa mitano, angetoka na 22 huku ukurasa mmoja hajawahi kuuona.

Mtu anaweza kusema hawa jamaa wangefanya kazi badala ya kubishana. Sawa. Lakini Gonja hakuna mwanasheria wa michezo anayekaa pale stendi. Shule ya mikataba iliyopo ni hii: Morrison, Fei, Chama, na kahawa ya kikombe kidogo. Kila kesi iliyowachekesha iliacha swali moja kichwani, na maswali hayo ndiyo yaliyofungua karatasi ya dogo. Bila ubishi wa miaka yote ile, nani angehesabu kurasa?

Haya, wewe unayesoma hapa. Simba na Yanga tunajua una mengi. Lakini mkataba wako wa kazi, wa chumba, au wa ule mkopo wa kwenye simu, ukurasa wa tatu uliusoma? Na ungekuwa baba yake dogo, Ijumaa ile ungempandisha basi? Funguka hapo chini, ila matusi hapana.