Akiba Isiyotahiniwa

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Sisi tuliiamini methali hiyo bila kuuliza akiba yenyewe imewekwa wapi, na kutouliza huko kulitugharimu.

Hapa Kinyamaseke, katika njia itokayo Kasese kwenda Bwera mpakani, tuna kompyuta nyumbani itumiayo Linux. Tulikuwa tumeweka humo maandalio ya masomo, mitihani ya miaka tisa, na methali za Kikonzo tulizozikusanya vinywani mwa wazee na kuzifasiri kwa Kiswahili. Kila Jumamosi tuliiamuru programu ya rsync inakili mfumo mzima katika diski ya nje. Haikulalamika hata siku moja.

Kumbe kwa majuma mengi diski ile ilichomekwa tu, pasipo kuunganishwa na mfumo. Nakala zote zilimiminika katika folda yenye jina lake, ndani ya kompyuta ile ile. Siku diski ya ndani ilipokufa, baada ya umeme kukatika ghafla, asili na nakala vilizikwa kaburi moja. Baadhi ya wazee wale wamekwisha fariki. Hatuna wa kumwuliza tena.

Tangu hapo tumebadili mwenendo. Kwanza, twaiwasha kompyuta kwa Linux iliyo katika flashi, ili mfumo unaonakiliwa uwe umelala na faili zisibadilike kazi ikiendelea. Diski ya akiba tumeifomati kwa ext4, maana FAT32 haihifadhi mwenye faili wala ruhusa zake, tena haipokei faili iliyofika gigabaiti 4. Kabla ya kunakili, twahakikisha kwa amri ya findmnt kwamba diski imeunganishwa kweli. Tukimaliza, twaichomoa.

Nakala ya pili hukaa Bwera kwa dada yetu. Mto Nyamwamba ulipofurika mwaka 2013, na tena mwaka 2020, watu wa Kasese na Kilembe waliona kwamba maji hayabagui kabati la vitabu na kabati la vyombo.

Mwisho, kila muhula twairejesha nakala katika diski kuukuu, tuone kama kompyuta itawaka na methali zitasomeka.

Ndugu walimu, mwanafunzi hatumpi alama kwa kusema kwamba amesoma, twamtahini. Akiba nayo na itahiniwe.