Lile Lori Jeusi la Staa: Mliniuliza Sana, Leo Nasema

Kila nikiposti kitu hapa, iwe harusi, iwe ugomvi wa mastaa, kuna mtu hakosi kule kwenye komenti: "Admin, lile lori jeusi liliishia wapi?" Nimekaa kimya mwaka mzima. Wengine mkasema nimehongwa. Sijahongwa, ni aibu tu.

Kwa wageni, nirudi nyuma kidogo. Kuna staa mmoja, jina kapuni, msinisumbue inbox. Ana pesa, ana jina, na Dodoma anakuja kupumzika kuliko kufanya shoo. Alinunua kichwa cha Scania cha zamani kilichokuwa kinabeba mchanga, akakipeleka gereji kikatengenezwa upya. Nyuma ya dereva kikawekwa kitanda, friji na viti vya ngozi. Kisha akaunganisha tela la kula bata: juu boti ndogo, chini pikipiki mbili za magurudumu manne, spika na jenereta. Mpango ulikuwa kila wikiendi anayokuja, lori linavuta starehe zote mpaka Bwawa la Mtera. Lote likapigwa rangi nyeusi isiyong'aa. Kiukweli lilikuwa kali.

Mimi niliitwa kupiga picha. Mtoto wa Kikuyu, form four, kamera ya kuazima, naitwa na staa! Nilifika gereji jioni, nikapiga kama picha hamsini kwa flashi. Nikaziangalia, zote zimeungua. Pembeni mwa tela na kule nyuma kulikuwa na stika za reflekta, nyekundu na nyeupe, na kwenye kila picha zilitoka kama mtu amewasha mchomeleo. Lori lenyewe halionekani, unaona mistari ya moto tu.

Nikamwambia meneja wake, "Bro, hizi stika zinaharibu picha." Akaniuliza, "Sasa?" Nikasema, "Tuzitoe, tukimaliza mtarudisha." Meneja akacheka, akasema hata bosi hazipendi, zinalifanya lori lionekane la mizigo. Akanipa kisu cha mafundi na chupa ya petroli.

Nilizibandua mimi. Kwa mkono wangu. Saa nzima nakwangua, nasugua, mpaka tela likawa jeusi tii kama bosi alivyotaka. Picha zikatoka safi. Ndizo zile mlizoshea mpaka simu yangu ikaganda. Posti ile mpaka leo hakuna iliyoifikia.

Stika hazikurudishwa. Nani arudishe, na kwa nini, wakati mtandaoni watu wanasema lori hilo ni noma?

Wiki tatu baadaye tukaenda Mtera. Ilikuwa Julai, ule upepo wetu wa Dodoma unaokausha mpaka midomo. Sitawasimulia ya bwawani, mliyaona kwenye video. Jumapili jioni tukaanza kurudi. Staa alishatangulia na gari lake dogo pamoja na warembo, kwenye lori tukabaki dereva, utingo, mimi na jamaa wa spika. Tumeshapita Fufu, tunaitafuta Mpunguzi, tairi la tela likapasuka. Saa mbili usiku, hakuna mwezi.

Dereva alijitahidi kulitoa barabarani lakini pembeni palikuwa na shimo, nusu ya tela ikabaki juu ya lami. Injini ikazimwa. Taa za nyuma za tela zilikuwa zimeungwaungwa waya, nazo zikazima kabisa. Sasa sikia kichekesho. Ndani ya tela, kwenye spika, taa za disko zilikuwa zinawaka rangi zote kwa jenereta. Kijani, zambarau, pinki. Kule nyuma anakotokea mtu, hakuna hata moja. Alama za pembetatu hazikuwepo, boksi lake lilitolewa kupisha friji.

Utingo akakata matawi, akayaweka barabarani kama malori yote yanavyofanya huku. Wote tumekua tukiona matawi yale, tunajua maana yake. Lakini tawi halimuliki, jamani. Usiku unaliona ukishalikanyaga.

Nilikuwa nimesimama upande wa kichwa natafuta mtandao niposti. Nikasikia boda inakuja kwa nyuma. Sikusikia breki. Nilisikia kishindo kimoja tu, kisha tenga la samaki likapita angani na perege wakamwagika lami yote.

Dogo hakufa, naomba mtulie. Mguu ulivunjika mara mbili na meno ya mbele yalitoka. Alikuwa anapeleka samaki Dodoma, mzigo wa mkopo. Nilimshika kichwa mpaka lilipotokea gari la kumbeba. Jamaa wa spika alikuwa bado hajazima zile taa za pinki, usoni mwake zinapita, zinarudi, zinapita.

Trafiki walipofika walizunguka na tochi. Mmoja akapapasa ubavu wa tela, akakuta gundi iliyobaki. Akauliza, "Stika zilizokuwa hapa ziko wapi?" Dereva akasema hajui, yeye kakabidhiwa lori hivyo. Utingo akasema hajui. Mimi nilikuwa na kamera shingoni, nikajifanya nafuta lensi. Faini na kesi vikamwangukia dereva, mzee wa watu mwenye watoto wanne, na kazi akapoteza hapohapo. Staa akalipa bili ya kwanza ya hospitali, akaposti maneno mawili ya pole bila kueleza pole ya nini, basi.

Baada ya hapo nikawa siwezi kulala vizuri, nikaanza kusomasoma. Nikamkumbuka fundi mmoja mzee wa gereji ya mtaani kwetu, nyuma ya Chuo Kikuu cha St. John's, nikamwendea. Nikamuuliza kwa nini zile stika ziliunguza picha zangu. Akanicheka. "Mwanangu, ile stika haina taa. Inakurudishia ya kwako." Ndani yake kuna vitu kama shanga ndogo za kioo, au vipembe vidogo sana, ambavyo mwanga ukivipiga haurushwi ovyo kama kwenye bati, unarudi kulekule ulikotoka. Dereva macho yake yako jirani na taa zake, ndiyo maana anaona mstari unawaka toka mbali. Na lensi ya kamera iko jirani na flashi. Yaani picha zangu zilipoungua, stika zilikuwa zinafanya kazi yake. Zilikuwa zinaniambia, "Nimekuona, na wewe nione." Mimi nikachukua kisu.

Piga hesabu mwenyewe. Ukienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde unakula mita 22. Taa za chini za gari zinakuonyesha kitu cheusi labda mita 40 au 50. Hizo ni sekunde mbili, na wewe unatakiwa ushtuke, ufikirie, ukanyage breki. Sasa boda yenye taa hafifu, upepo unakupiga machoni, tela jeusi lisilong'aa.

Msidhani mastaa wenyewe wako salama kwa sababu wao ndio wenye malori. Machi 2011 Five Stars Modern Taarab walipoteza watu 13 kwa mpigo maeneo ya Mikumi wakitoka kwenye shoo, Coaster yao iligonga lori. Wakubwa zangu wa taarab wanalikumbuka hilo vizuri. Na Marekani mwaka 1967 mwigizaji Jayne Mansfield alikufa usiku baada ya gari alilopanda kuingia nyuma ya tela. Watoto wake watatu waliokuwa kiti cha nyuma walipona, na mmoja ni Mariska Hargitay, yule mnayemwangalia kama mpelelezi Benson kwenye Law & Order. Kile chuma cha kuzuia gari lisizame chini ya tela wenzetu mpaka leo wanakiita kwa jina la mama yake. Stika za reflekta kwenye matela mapya walikuja kuzilazimisha Desemba 1993, miaka 26 baadaye.

Mwezi uliopita nilimtembelea dogo. Anatembea na gongo, boda kauza. Nilimwambia ukweli wote, kwamba nilizibandua mimi kwa ajili ya picha. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Bro, mimi sikuona lori. Niliona giza limesimama." Hakunitukana. Bora angenitukana. Dereva bado sijampata, namba yake haipatikani. Kama kuna mdau anamjua, amwambie namtafuta, na niko tayari kwenda naye popote anapotaka niseme.

Na lori? Staa kaliuza. Tela sasa liko hapahapa Dodoma, linabeba matofali, bado jeusi. Jumamosi nililikuta limepaki karibu na sheli, nikaongea na tajiri mpya, akasema kama nanunua mwenyewe nibandike tu. Nikanunua roli ya stika, nikasugua gundi yangu ya zamani, nikabandika nyuma na ubavu wote. Kisha nikasubiri giza, nikapiga picha moja kwa flashi.

Ndiyo hiyo hapo juu. Najua imeungua.