Balmoral: Kiti Hurithiwa, Nyumba Hununuliwa

Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Alitazamaye Kasri la Balmoral, huko Scotland, huona minara ya mawe akadhani ni mali ya kiti cha enzi, kama lilivyo Kasri la Windsor. La hasha! Balmoral ni milki ya mtu binafsi. Malkia Victoria na mumewe, Albert, walifika huko mara ya kwanza mwaka 1848, na mwaka 1852 Albert akalinunua shamba lote. Kasri la kale lilikuwa dogo, hivyo jipya likajengwa karibu nalo na kukamilika mwaka 1856. Albert alipofariki mwaka 1861, Balmoral likawa kimbilio la mjane katika majonzi yake.

Tofauti baina ya kiti na nyumba ilidhihirika mwaka 1936. Edward wa Nane alipojivua ufalme, taji lilimwendea mdogo wake, George wa Sita, kwa mujibu wa sheria. Balmoral halikumwendea. Ilimbidi mfalme mpya alinunue kutoka kwa kaka yake. Ufalme ulikuwa amana. Nyumba ilikuwa mali ya mwenyewe.

Elizabeth wa Pili, bintiye George, alirithi kiti tarehe 6 Februari 1952 akiwa ziarani Kenya. Miaka 70 baadaye, tarehe 8 Septemba 2022, alifariki Balmoral. Waama, ufalme ulimfikia ugenini. Mauti yakamkuta kwake.