Maji katikati ya mchanga

Sisi tuliozoea mvua ya Bukavu tulidhani jangwani hakuna cha kutazama. Toka N'Djamena, mji mkuu wa Tchad, tulikwenda siku kadhaa kuelekea kaskazini-mashariki. Dereva alitupimia maji ya bidoni kikombe kwa kikombe. Mwenzetu mmoja, kwa mazoea ya nyumbani, alinawa uso kwa fungu lake lote. Aliona aibu mpaka akalia. Kila mmoja akamgawia kidogo.

Ndipo tukaona Ounianga: maziwa 18, ya buluu, ya kijani, hata mekundu kidogo, mchanga na mitende pembeni. Tangu 2012 ni urithi wa dunia wa UNESCO. Mvua huko haifiki milimita 2 kwa mwaka! Maji yanapanda toka chini ya ardhi, yamebaki tangu zamani Sahara ilipokuwa na mvua. Maziwa mengine ni ya chumvi. Mengine ni matamu, maana matete yanayoelea huyafunika, jua lisiyamalize.

Kwenye ziwa tamu, yule mwenzetu alijaza bidoni, akatunawisha uso, mmoja mmoja.