Mkono Wenye Ree

Wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi. Hawakusema, hata hivyo, mkono uliojaa wafaa kutumiwa vipi. Swali hilo lilimkabili kijana mmoja wa Plateau, kituo kidogo kilichoko karibu na Eldoret, katika nyanda za Uasin Gishu ambako mahindi ndiyo riziki ya jamaa nyingi.

Kijana huyo alikulia katika kadi. Jioni, barazani pa duka, vijana kwa wazee hucheza mchezo ambao Wakenya wengi huuita pia poka, ijapokuwa hauna udugu mkubwa na poka ya mashindano. Humo, anayetupiwa mbili huokota karata mbili, na anayetupiwa tatu huokota tatu, isipokuwa awe na karata ya kujibu. Ree, ambayo vijana huiita esi, huizima adhabu hiyo papo hapo. Ndiyo maana kijana alizoea kuificha ree yake hadi wakati wa dhiki. "Simba mwenda pole ndiye mla nyama," alipenda kusema, na mara nyingi alishinda.

Mazoea hayo aliyabeba hadi Nairobi mwezi wa Machi, alipoingia mashindano ya poka kwa pesa alizopewa na mamake anunue mbolea. Katika poka hiyo, kila mchezaji hugawiwa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa matumizi ya wote. Usiku ulipokomaa, akagawiwa ree mbili, bahati ambayo kwa wastani huja mara moja katika migao 221. Mchezaji aliyemtangulia akapandisha dau. Kijana alikuwa na njia mbili: kulipandisha zaidi, au kuliitikia tu ili amtege mwenzake. Akachagua kutega. Kwa kuwa gharama ya kuingia ilibaki nafuu, wengine wawili nao wakaingia.

Hapo hesabu ikamgeuka. Ree mbili zikikabiliana na mpinzani mmoja mwenye karata zozote zile, hushinda takribani mara 85 katika 100. Zikikabiliana na watatu, hushinda takribani mara 64 tu. Karata za mezani zilipofunuliwa, mmoja wa wale waliokaribishwa na ukimya wake, mwenye saba na nane, akapata jozi mbili. Kijana akasukuma mbele sarafu zake zote za mchezo, zikaenda. Katika mashindano yale, aliyeishiwa hakuruhusiwa kununua nyingine. Akainuka.

"Ulikuwa na nguvu, ukaiweka akiba," mwalimu mstaafu alimwambia barazani siku chache baadaye.

"Lakini Mwalimu, si ndivyo tunavyocheza hapa?"

"Kijana wangu, ree humaliza kadi?"

Kijana akanyamaza. Kwa kanuni za baraza lile, ree haimalizi mchezo. Anayebaki nayo peke yake, hata akiitupa, hulazimika kuokota tena huku wenzake wakimaliza. Kumbe hata hapa nyumbani alikuwa amejifunza nusu ya somo. Ipo nguvu iliyo kama mursik, ambayo huiva kwa kungojewa. Ipo pia iliyo kama hindi la kuchoma: lisipoliwa likiwa moto, hukauka. Mwenye ree hana budi kujua ameshika ipi.

Karata ziligawiwa upya, lakini macho ya kijana hayakutulia. Tangu arudi, alikuwa amemwambia mamake kwamba duka halijapata mbolea. Ukweli alikuwa ameuficha kama ree, akingoja saa iliyo njema zaidi. Kumbe kila siku ya ukimya ilikaribisha mtu mwingine mezani. Juzi mama alikuwa ameagana na jirani mwenye trekta. Jana alikuwa amekopa mbegu. Kesho, pengine, angekwenda mwenyewe dukani kuuliza.

Akaziweka karata zake kifudifudi, akaaga. Mwalimu hakumuuliza aendako.

Mama alikuwa uani, akichambua maharagwe.

"Mama, mbolea iko dukani. Pesa ndizo hazipo. Nilizicheza karata Nairobi."

Mikono ya mama ikasimama juu ya ungo.

"Zote?"

"Zote, mama."

Mama akatazama shamba lililokwisha kulimwa, kisha akamsogezea mwanawe kigoda. "Keti," akasema. "Sasa nieleze tangu mwanzo."