Nikeli ya Kwetu na Nyutroni za Baridi

Bumu limeisha, ila tupo. Leo naongelea nikeli ya kwetu Ngara.

Mimi mtu wa Rulenge. Kule ukitaja nikeli watu wanawaza Kabanga, fidia na ajira, hasa tangu mwaka 2021 serikali iliposaini mkataba na kupata asilimia 16 ya Tembo Nickel. Ukiuliza hiyo nikeli inafanya kazi gani, utaambiwa betri za magari. Ni kweli, ila kuna kazi nyingine ambayo sisi tunaosomea ualimu wa fizikia tunaweza kuifundisha hata shule isiyo na maabara.

Kule Grenoble, Ufaransa, kuna reakta ya utafiti iliyoanza kazi mwaka 1971. Haizalishi umeme. Inatoa nyutroni za kuchunguzia vitu kwa ndani, kama protini na sumaku. Shida ni kwamba zinatoka na kasi kubwa mno. Basi baadhi wanazipitisha kwenye haidrojeni nzito iliyogeuzwa kimiminika, nyuzi kama 248 chini ya sifuri. Mliocheza gololi mnajua: gololi ikigonga nyingine, inaiachia sehemu ya mwendo wake. Nyutroni nazo zinagongagonga humo mpaka zinapoa.

Sasa chombo cha kuwekea kimiminika hicho. Chuma cha kawaida kwenye baridi ile kinakuwa kama kigae, ukikigonga kinapasuka. Alumini, ile ile ya familia ya sufuria za mama, inavumilia, na nyutroni zinapita bila kunaswa sana.

Nikeli inaingia hapa. Nyutroni zikishapoa zinasafirishwa makumi ya mita kwenye mifereji ya vioo iliyopakwa nikeli kwa ndani. Ya siku hizi ina matabaka mengi ya nikeli na titani. Nyutroni ikigusa ukuta kwa pembe ndogo sana inadunda na kuendelea mbele, kama kijiwe bapa ulichokirusha juu ya maji ya Ruvubu.

Sisemi nikeli ya Grenoble ilitoka Kabanga, hapana. Ninachosema, mtoto wa Ngara akiijua nikeli kama fidia tu, hela ikiisha na hamu ya kuijua imeisha. Nikipangiwa shule kule, naanza na gololi na sufuria.

Walimu wenzangu mnasemaje? Nawasilisha.